Pamoja na Nani? Hadithi ya Petroli, Risasi na Njia ya Mlola

Ukitaka kuielewa injini ya petroli, usiende kwenye yadi za magari za Dar es Salaam. Nenda Mombo. Pale ndipo barabara inapoiacha tambarare na kuanza kuipanda milima ya Usambara, kona baada ya kona, kupitia Soni hadi Lushoto. Mombo iko chini, kwenye joto. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na jioni utatafuta sweta. Ukitoka Lushoto unapita Magamba, unaishika njia ya Mlola, na huko ni kupanda na kushuka tu. Kinachobeba watu na mali kwenye njia hizi siku hizi ni bodaboda. Gunia la viazi nyuma, tenga la mboga juu yake, au abiria wawili kwa mtindo wa mishikaki.

Sasa sikiliza injini hiyo ikiwa na mzigo, mlima umekaza na dereva hajashusha gia. Utasikia ko-ko-ko kavu, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko. Mafundi wanasema injini "inagonga". Dereva mzoefu akiisikia sauti ile anapunguza mafuta na kushusha gia, maana anajua ikiendelea muda mrefu pistoni itatoboka.

Ndugu msomaji, sauti hiyo ndogo ndiyo iliyoleta mojawapo ya tafiti kubwa za pamoja za karne iliyopita. Kwa sababu yake watu walikufa viwandani, watoto wa dunia nzima wakapumua sumu kwa miongo mingi, kampuni zikashtakiwa, na mwisho nchi zetu za Afrika zikafanya jambo ambalo hatulisemi vya kutosha. Leo nataka kuisimulia historia hiyo, kwa sababu kuna swali ndani yake linalotuhusu sasa hivi. Tunapenda sana neno "ushirikiano". Kila warsha ina ushirikiano, kila mradi una wabia. Lakini ni nadra tunauliza: ushirikiano wa nani na nani, na nani hakualikwa?

Tuanze na injini yenyewe. Ni silinda yenye pistoni ndani. Hewa na mvuke wa petroli vinaingia, pistoni inavigandamiza, plagi inatoa cheche, moto unaisukuma pistoni chini, kisha moshi unatolewa nje. Mjerumani Nikolaus Otto aliunda injini iliyofanya kazi kwa hatua hizo nne mwaka 1876, na hadi leo pikipiki nyingi zinafuata hatua zilezile. Siri yake iko kwenye mgandamizo. Kadiri unavyogandamiza zaidi ndivyo unavyopata nguvu nyingi kwa petroli ileile. Ila kuna mpaka. Ukizidisha, sehemu ya mchanganyiko inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Mlipuko huo ndio kugonga.

Watanzania tunalijua jambo hili kwa njia ya uchungu. Mnakumbuka enzi za uchakachuaji, wafanyabiashara walipokuwa wakichanganya mafuta ya taa kwenye petroli na dizeli? Mafuta ya taa hayavumilii mgandamizo kama petroli, hivyo petroli iliyochanganywa nayo inagonga haraka. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchakachua ipotee. Dereva aliyenunua petroli ya namna ile hakuhitaji maabara. Mlima wenyewe ulimwambia.

Miaka mia moja iliyopita wahandisi hawakujua kwa hakika kugonga kunatoka wapi. Uingereza alikuwepo Harry Ricardo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akifadhiliwa na kampuni ya Shell, alitengeneza injini ya majaribio ambayo mgandamizo wake ungeweza kubadilishwa, akaitumia kupima mafuta ya aina mbalimbali. Alionyesha kwamba tatizo haliko kwenye injini peke yake. Mafuta nayo yana tabia zake, na tabia hizo zinaweza kupimwa. Marekani, kwenye mji wa Dayton, alikuwepo Charles Kettering, yule aliyetuondolea kazi ya kuwasha gari kwa mkono kwa kuvumbua stata ya umeme. Alimpa kazi kijana aliyeitwa Thomas Midgley, na wakajaribu kemikali moja baada ya nyingine wakitafuta kitu cha kuizuia petroli isigonge.

Tarehe 9 Desemba 1921 wakakipata. Kilikuwa kimiminika chenye risasi. Tone dogo tu kwenye petroli, na injini ikanyamaza.

Hapa inabidi tusimame kidogo. Walikuwa wanajua dawa nyingine. Spiriti, yaani ile pombe inayoweza kutengenezwa kutoka kwenye miwa au mahindi, nayo inazuia kugonga, na hao hao watafiti walikuwa wameshaijaribu. Lakini ilibidi uiweke kwa wingi ndipo ifanye kazi, na mkulima yeyote mwenye mtambo angeweza kuipika. Risasi ilihitajika kidogo sana, tena iliweza kulindwa kwa hataza. Mwaka 1924 kampuni ya General Motors na Standard Oil ya New Jersey zikaunda kampuni ya pamoja ya kuuza bidhaa hiyo, wakaipa jina la Ethyl. Ukilitazama jina hilo huoni risasi ndani yake.

Oktoba 1924, kwenye mtambo wa Standard Oil huko Bayway, New Jersey, wafanyakazi watano walikufa kwa sumu ya risasi baada ya kuchanganyikiwa akili. Magazeti ya New York yakapiga kelele. Mei 1925 serikali ya Marekani ikaitisha mkutano Washington. Walikuwepo wataalamu waliopinga waziwazi, akiwemo daktari Alice Hamilton wa Harvard, aliyekuwa ameyasoma maradhi ya viwandani kuliko karibu mtu yeyote nchini mwake. Kamati ikaundwa. Mwaka 1926 ikasema haijapata sababu ya kutosha ya kupiga marufuku, lakini ikashauri utafiti uendelee kwa fedha za umma. Utafiti huo wa umma haukufanyika. Kwa takriban miaka 40 iliyofuata, ujuzi wa dunia kuhusu risasi na afya ya binadamu ulitoka kwa sehemu kubwa kwenye maabara ya Robert Kehoe huko Cincinnati, na waliolipia maabara hiyo ni walewale waliokuwa wakitengeneza na kuuza petroli ya risasi.

Huo nao ulikuwa ushirikiano. Watengeneza magari, wauza mafuta, watengeneza kemikali na daktari wao wa chuo kikuu walikaa meza moja na wakaelewana vizuri sana. Aliyekosekana mezani ni mtu aliyekuwa anaivuta hewa ile barabarani.

Lakini nisiwe mchoyo wa sifa. Katika miaka hiyohiyo ushirikiano mwingine ulizaa kitu kizuri, tena kizuri mno. Kila kampuni ilikuwa na kipimo chake cha kugonga, kwa hiyo muuza mafuta na mtengeneza gari walikuwa wanabishana bila lugha moja. Ikaundwa kamati ya utafiti wa pamoja wa mafuta, maarufu kwa herufi CFR. Ndani yake walikuwemo wauza mafuta, watengeneza magari, chama cha wahandisi wa magari na taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani. Mwaka 1926 mkemia Graham Edgar alipendekeza vipimo viwili: kimiminika kimoja kisichogonga kirahisi, isooktani, kipewe 100, na kingine kinachogonga vibaya, heptani, kipewe 0. Ukisikia petroli ya oktani 95, maana yake inagonga sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na sehemu 5 za heptani. Basi. Kisha kampuni ya Waukesha ikatengeneza injini ya kupimia yenye silinda moja, ambayo mgandamizo wake unabadilishwa ikiwa inazunguka. Januari 1929 wahandisi wakaonyeshwa.

Injini ya ukoo huo bado inatumika leo kwenye maabara za mafuta duniani. Namba ya oktani unayoiona kituoni ni mtoto wa wapinzani waliokubali kupima kwa kipimo kimoja. Hilo ndilo tunda halisi la ushirikiano. Wapinzani wale hawakuanza kupendana, wala hawakuacha kushindana. Walikubaliana tu kuhusu ukweli wa kitu kimoja, ili mtu asiweze kudanganya.

Ikafika miaka ya 1950. Los Angeles ilikuwa inafunikwa na ukungu uliowasha macho, na mwanasayansi Arie Haagen-Smit akaonyesha kwamba moshi wa magari, ukichomwa na jua, ndio unaotengeneza ukungu ule. Watengeneza magari wakasema sawa, tutashirikiana kutafuta vifaa vya kusafisha moshi. Wakawekeana mkataba wa kupeana hataza zao. Inapendeza kuisikia, sivyo? Januari 1969 serikali ya Marekani ikawapeleka mahakamani. Shtaka lilikuwa kwamba tangu 1953 kampuni kubwa za magari na chama chao walikuwa wameutumia ushirikiano huo kukubaliana asitokee mmoja wao wa kuwahi mbele ya wenzake. Kwa maneno ya mtaani, walikubaliana wote watembee polepole. Kesi ilimalizwa mwaka huohuo kwa makubaliano, bila kampuni kukiri kosa, lakini ziliahidi kutofanya tena.

Usidhani ni mambo ya zamani. Julai 2021 Tume ya Ulaya iliwatoza BMW na kundi la Volkswagen faini ya euro milioni 875. Pamoja na Daimler, iliyosamehewa kwa kuwa ndiyo iliyotoboa siri, walikuwa wamekubaliana wasishindane katika kusafisha moshi wa dizeli kupita kiwango cha sheria, ingawa teknolojia walikuwa nayo. Wahandisi walikutana, wakazungumza mambo ya kitaalamu, wakanywa kahawa, na hewa ikabaki chafu kuliko ilivyopasa.

Kilichovunja polepole ile ya Marekani ni sheria. Mwaka 1970 bunge la nchi hiyo lilitaka moshi wa magari upunguzwe kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache. Kampuni kubwa zikalia kwamba haiwezekani. Mtu wa pikipiki kutoka Japani, Soichiro Honda, hakulia. Mwaka 1972 kampuni yake ilionyesha injini ya CVCC. Ndani yake kulikuwa na chumba kidogo cha kuwashia mchanganyiko mzito, na moto huo ukaenda kuwasha mchanganyiko mwepesi kwenye silinda. Injini ilipita kipimo cha Marekani bila kifaa chochote cha kusafisha moshi kwenye eksozi. Baadaye Honda akawapa leseni wapinzani wake, wakiwemo Toyota na Ford.

Wengine wakachagua njia ya pili, ile ambayo mafundi wetu wanaiita masega: kifaa cha kwenye eksozi chenye vitundu kama sega la nyuki, kilichopakwa madini ya platinamu na ndugu zake, kinachogeuza gesi za sumu kuwa gesi zisizo na madhara makubwa. Magari mengi ya Marekani ya mwaka 1975 yalitoka nayo. Sasa masega yana adui mmoja mkubwa, risasi. Risasi inayapaka yale madini na kuyaziba, na matangi machache yanatosha kuharibu. Ndipo wakubwa walipolazimika kuuza petroli isiyo na risasi. Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wamesema risasi inaumiza ubongo wa mtoto. Mwanasayansi Clair Patterson, yuleyule aliyeipa dunia umri wake wa miaka bilioni 4.55, alikuwa ameandika mwaka 1965 kwamba miili yetu imejaa risasi isiyo ya asili. Lakini mlango ulifunguliwa kwanza kwa ajili ya kuokoa masega.

Na sisi? Sisi tulikuwa tunanunua. Biashara ilipofunguliwa, magari yaliyotumika Japani yakaanza kuteremka bandarini Dar es Salaam na Mombasa kwa wingi, mengi yakiwa na masega yake mazima. Tukayajaza petroli yenye risasi. Utafiti wote ule wa California, Detroit na Tokyo ukauawa kwenye kituo cha mafuta cha mtaani kwetu. Gari liliundwa kwa mafuta ya kwao, likaja kunywa mafuta ya kwetu.

Hapa ndipo penye sehemu ya historia ninayotaka tuibebe kifua mbele. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, Senegal, zikakubaliana kuiondoa petroli ya risasi ifikapo 2005. Mwaka 2002, kwenye mkutano wa dunia wa maendeleo endelevu huko Johannesburg, ukaanzishwa ubia wa mafuta na magari safi. Ofisi yake ikawekwa UNEP, Gigiri, Nairobi. Yaani safari hii meza ilikuwa kwetu, Afrika Mashariki.

Tazama waliokaa. Serikali zilikuwepo. Kampuni za mafuta zilikuwepo. Watengeneza magari walikuwepo, kwa sababu walitaka masega yao yaishi. Na asasi za kiraia na watu wa afya walikuwepo pia. Hofu zilikuwa nyingi. Wenye magari ya zamani waliambiwa valvu zao zitaungua bila risasi, na walioogopa gharama waliangalia mitambo ya kusafishia mafuta. Kiwanda cha Mombasa, kilichoanza kazi 1963, kilikuwa bado kinategemea risasi kufikisha oktani. Tanzania kiwanda chetu cha TIPER pale Kigamboni kilikuwa kimeshaacha kusafisha mafuta ghafi, hivyo tulikuwa tunaagiza petroli iliyo tayari, na anayeagiza anaweza kubadili anachoagiza. Kila hofu ililetwa mezani, ikajibiwa kwa vipimo badala ya kelele.

Januari 2006 Afrika yote kusini mwa Sahara ilikuwa imeacha petroli yenye risasi. Ndani ya takriban miaka minne na nusu! Marekani yenyewe, tangu magari ya masega ya 1975 hadi marufuku kamili kwa magari ya barabarani Januari 1996, ilichukua miaka 20 na ushee. Kazi ikaendelea kutoka Nairobi kwenda nchi nyingine, hadi Algeria, ya mwisho duniani, ilipoacha kuiuza Julai 2021. Tarehe 30 Agosti 2021 UNEP ilitangaza kwamba enzi ya petroli ya risasi magarini imekwisha, ikikadiria kuwa hatua hiyo inazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka. Ilikuwa ni karibu miaka 100 kamili tangu siku ile ya Desemba huko Dayton. Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipiga hatua nyingine kwa pamoja, zikashusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni.

Sijui kwa nini mambo haya hayafundishwi shuleni. Tunajua vita vya nani na nani, lakini hatujui kwamba watoto waliozaliwa Kariakoo na Eastleigh baada ya 2006 wamepumua hewa isiyo na risasi ya petroli kwa sababu watu walikaa wakakubaliana tarehe.

Kwa hiyo tumemaliza? Bado. Tukirudi kwenye njia ya Mlola, tunaona kwamba tulishinda vita vya mafuta, lakini vya injini hatujaingia hata uwanjani.

Fikiria pikipiki nyingi za bodaboda zilivyo. Zina kabureta, kifaa kinachopima petroli kwa matundu madogo yaliyotobolewa kiwandani kulingana na hewa ya kawaida ya tambarare. Lushoto hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga mjini kwa zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Kabureta haijui kwamba imepanda mlima. Inaendelea kumimina petroli kama iko pwani. Hewa pungufu, mafuta yaleyale: sehemu ya petroli haiungui vizuri, plagi zinaota masizi, moshi unatoka mchafu na dereva analipia mafuta yasiyomsukuma. Mfumo wa kisasa wa sindano za mafuta una kihisi kinachosoma hewa na kurekebisha. India, nchi ambako pikipiki nyingi tunazotumia zinaundwa, ililazimisha viwango vikali kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, na pikipiki za huko zikahamia kwenye mfumo huo kwa sababu hakuna njia rahisi ya kufikia viwango bila hiyo. Zinazokuja huku nyingi bado ni za kabureta. Ukimuuliza muuzaji atakwambia ni rahisi kutengeneza, na hasemi uongo. Fundi wa kijijini anaifungua kwa bisibisi. Hiyo nayo ni sababu ya kweli, na mtafiti mwenye heshima angeiweka kwenye hesabu zake.

Na kwenye magari, masega yaliyookolewa kwa jasho lote lile la Dakar na Nairobi yanang'olewa gereji. Yakiziba, fundi anayatoa, mnunuzi anayachukua kwa ajili ya yale madini, na gari linaendelea na safari na eksozi tupu.

Wakati huohuo wenzetu wanaendelea kukaa mezani. Mwaka 2014 watengeneza magari wa Japani, wanaopigana sokoni kila siku, waliunda chama cha pamoja cha utafiti wa injini. Mwaka huohuo serikali yao ilianzisha mpango wa miaka mitano uliounganisha vyuo vikuu na viwanda, na watafiti wakatangaza kwamba kwenye maabara injini ya petroli imevuka asilimia 50 ya ufanisi, yaani zaidi ya nusu ya nishati ya mafuta inageuka kuwa kazi. Injini nyingi za barabarani hazifiki huko, sehemu kubwa ya nishati inaondoka kama joto. Ni kazi ya kuvutia sana. Lakini maswali waliyojiuliza ni ya barabara zao na mafuta yao. Hakuna aliyeuliza: itakuwaje ikiwa na gunia la viazi, kwenye mlima, kwa petroli ya kwenye chupa ya plastiki?

Milima hii inaijua vizuri habari ya maswali ya watu wengine. Mwaka 1902 Wajerumani walijenga Amani, upande wa mashariki wa Usambara, taasisi kubwa ya utafiti wa mimea na kilimo. Wanasayansi walifanya kazi ya kweli pale. Lakini maswali yalikuwa ya mkoloni: zao gani litawalipa wenye mashamba makubwa? Mkulima wa Kishambaa alikuwepo kama kibarua, hakuwepo kama muulizaji.

Si kwamba Afrika Mashariki haijajaribu. Nyumbu, pale Kibaha, waliunda lori la Kitanzania katika miaka ya 1980. Kenya, Rais Moi aliwaagiza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 kuunda gari, na mwaka 1990 likazinduliwa Nyayo Pioneer. Yalitengenezwa machache tu, na kiwanda hakikuja. Uganda, wanafunzi na walimu wa Makerere waliendesha Kiira EV mwaka 2011, na mwaka 2014 wakaonyesha Kiira EV Smack inayochanganya mota ya umeme na injini ya petroli. Ninaziheshimu kazi hizi. Ila kila nchi ilikimbia peke yake kutafuta gari zima la kupigia picha, wakati funzo la CFR ni kwamba unaanza na kipimo.

Wapo watakaosema tusubiri, umeme unakuja na petroli inaondoka. Sawa, na uje upesi. Lakini pikipiki inayouzwa leo itapanda mlima kwa miaka mingi, na kijana aliyeichukua kwa mkopo hataitupa kwa sababu Ulaya wamebadilisha mawazo.

Kwa hiyo ninachokiona mimi ni kidogo na kinawezekana. Hatuhitaji kuunda injini mpya ili tuwe na kiti mezani. Tunahitaji kipimo chetu. Chukueni pikipiki za aina zinazouzwa sana, zipandisheni kutoka Mombo hadi Mlola zikiwa na mzigo halisi, pimeni petroli iliyotumika na moshi uliotoka, rudieni Kabale, rudieni Nyeri, rudieni Bujumbura. Chuo kikuu kilete vifaa, TBS na wenzao wa nchi jirani walete viwango, na chama cha bodaboda kilete madereva na maswali yao. Matokeo yawekwe hadharani yakiwa na majina ya aina za pikipiki. Mtengenezaji anayeuza maelfu ya pikipiki Afrika Mashariki atasoma karatasi hiyo, amini usiamini, kwa sababu mpinzani wake ataisoma pia. Na serikali za Jumuiya, zilizoweza kukubaliana kuhusu salfa, zitakuwa na kitu cha kushikilia zitakapokaa kupanga kiwango cha pikipiki.

Mwaka 1925 waliokuwa wakivuta moshi hawakuwa na kiti, na kosa lile lilichukua karibu karne nzima kulisahihisha. Mwaka 2001 tulikuwa na kiti, na kazi ikaisha ndani ya miaka minne na nusu. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu.